Kidole Gumba

Mvua ya Thetford hainyeshi, hujipaka tu,
kama mtu anayetaka kukuamkia
halafu akasahau jina lako.
Saa kumi na moja alfajiri basi la kiwanda linatumeza,
na mle ndani, chini ya taa ya dereva,
Lurdes wa Madeira ameshafungua ukurasa.
Husoma kwa midomo. Kireno chake kinatoa moshi.

Mimi nina nakala ya Kiingereza, ya maktaba,
yenye doa la chai ukurasa wa tisini
na unywele mmoja mweupe ambao sijathubutu kuutoa.
Otilia Sarmanho, Mbrazili. Picha yake iko nyuma ya jalada:
bibi wa miwani minene, ananitazama
kama anayejua nimeficha nini jikoni.

Kisa chenyewe hakina makuu.
Mjane anauza maharage katika mji wa bara,
na kila akipima, kidole gumba kinalala kwenye mizani.
Mji mzima unajua.
Mji mzima unanunua kwake,
miaka arobaini, mpaka Jumanne moja anakufa.
Watu wanakuja matangani, mmoja mmoja, kuungama:
huyu noti aliyompa ilikuwa bandia,
yule alipewa chenji ya ziada akanyamaza,
daktari hakuwahi kulipa hata senti.
Hesabu ikapigwa hadi usiku wa manane. Hakuna amdaiye mwenzake.
Ndipo marehemu anapoketi, anaomba kahawa,
wala hakuna anayeshtuka.
Wanamuuliza tu kama sukari inatosha.

Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akageuka.
Maana kazi yangu mimi ni mizani:
kuku anapita, namba inawaka,
gramu elfu moja na mia mbili, kijani;
ikipungua, nyekundu, na kuku anasukumwa kando.
Mashine haina kidole gumba.
Haijawahi kumwibia mtu. Haijawahi kumpenda mtu.

Saa ya chakula namwambia Lurdes, pale pa matanga,
hebu nisomee kwa lugha yake.
Anasoma, na mara nasikia vyombo vya shangazi, Mikindani,
vikiburutwa ndani ya sentensi ya mtu baki:
meza, kasha, foronya, leso, karata,
hata parafujo!
Nani alivisahau kwetu asirudi kuvichukua?
Tunaendelea. *Igreja*, anasema, na kujifanyia ishara ya msalaba.
Hilo, namwambia, sisi tuliligeuza gereza.
Anaacha kutafuna.
Neno la kanisa?
Ndiyo, Lurdes. Tulikuwa tunaangalia milango yake.
Akacheka, kicheko cha mtu aliyekosea ngazi gizani,
akasema, Somoe, bibi huyu angekulipa kwa neno hilo.
Angenilipa, nikasema, kasoro gramu mbili.

Jumamosi, maktabani, namkuta mzee Catchpole
amesimama mbele ya rafu kama anayesubiri basi.
Vitabu vya wageni havielewi, anasema.
Majina mengi mno. Wafu hawatulii.
Lakini karani ananinong'oneza
kwamba kabla yangu alikiazima kile kile mara tatu.
Mke wangu, anasema mzee, bila kunitazama,
alikuwa akiketi hivyo usiku. Kahawa na kila kitu.
Akavaa kofia yake, akatoka mvuani.
Unywele ule nimeuacha palepale, ukurasa wa tisini.

Gazeti liliandika kwamba watu humpenda Sarmanho
kwa sababu ya ndoto zake.
Labda. Mimi sijaona ndoto mle,
nimeona watu wanaojuana wizi wao
na bado wanakopeshana chumvi.

Alhamisi, kuku mmoja aliwaka nyekundu.
Gramu nne tu.
Nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nikashusha kidole ndani ya glavu, taratibu,
kama anayemfunika mtoto.
Kijani.
Kilibaki na baridi hadi jioni.